Wiki Yangu ya Kuepuliwa

Sehemu ya sita

Aliyenikosa wiki jana asihangaike, nitampitisha haraka haraka mpaka pale nilipoishia.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni, huu mwaka wa ishirini na sita. Jikoni tuko wanawake wanne, na tumejiwekea utaratibu wetu wenyewe. Kila mwaka shule ikifungwa, mmoja wetu anaepuliwa, yaani anatolewa motoni kama sufuria. Wiki nzima anakwenda anakotaka, na wale watatu waliobaki wanapokezana kuishika nyumba yake, wagonjwa wake, wajukuu wake, mpaka kuku wake. Zamu ikikupita, unangoja miaka minne mingine.

Mwaka huu zamu ni yangu.

Wenzangu waliotangulia walikwenda kwa ndugu zao, wakarudi wamechoka kuliko walivyoondoka, maana kwa ndugu nako kuna vyombo. Mimi nikasema hapana. Mimi nakwenda mahali ambapo sina ndugu hata wa kusingiziwa. Nikachagua kisiwa. Kidogo tu, binti yangu anasema ukitembea polepole unakizunguka kabla chai yako haijapoa. Kuna nyumba moja ya wageni, na mwenye nyumba ni mama mmoja wa sauti nzito. Nilimpigia simu mwenyewe.

"Anapika nani?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Anaosha nani?"

"Mdogo wangu."

"Na mimi nifanye nini?"

Nadhani hajawahi kuulizwa. "Ule, mama. Ukishiba, ulale."

Nilikata simu nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Sasa, mume wangu. Mzee alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Miaka thelathini sauti yake ndiyo iliyowaambia watu waende jukwaa gani. Nyumbani pia alikuwa anatangaza. Chai imechelewa. Chumvi imezidi. Shati halijanyooka kwenye kola. Majirani walikuwa wanajua nimepika nini na nimekosea wapi kabla sahani haijafika mezani.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kikamwangusha bafuni. Upande wa kulia ukapooza, na sauti ikaondoka. Daktari akasema itarudi, ila kwa mazoezi: atembee hatua kumi kila siku akishikiliwa, na asome kwa sauti. Mzee akakataa yote mawili. Kitabu alikisukuma kwa kiwiko. Viatu alivikunjia uso. Toka hapo anaongea nami kwa kugonga ukingo wa kitanda. Mara mbili ni maji, mara tatu ni choo. Mara nyingi bila kukoma ni kwamba nimefanya kitu vibaya, nijitafutie mwenyewe ni kipi.

Wiki jana niliishia kwenye daftari. Jikoni kwetu anayetoka zamu anamwandikia anayeingia: kipi kiko motoni, maji yamebaki kiasi gani, kipi kimeshika chini. Nyumba nayo inakabidhiwa hivyo hivyo. Mimi niliandika kurasa ishirini na mbili, na ishirini kati ya hizo ni za Mzee peke yake. Uji usiwe na madonge. Ukimgeuza anza na bega, si kiuno. Kisigino cha kulia kiwekewe mto mdogo, ule wenye kiraka cha bluu, mwingine unamchoma. Ukurasa wa kwanza kabisa niliandika kwa herufi kubwa: HASEMI.

Ikabaki siku ya kushika.

Siku hiyo mwenzako anakuja asubuhi saa kumi na mbili, anaishika nyumba mpaka saa kumi jioni. Wewe mwenyewe unawekewa kiti mahali unapoona, unakaa, mikono mapajani. Hugusi kitu. Husemi neno, maana kusema nako ni kushika. Unainuka kwenda chooni tu. Ukigusa, au ukifungua mdomo hata kusema sufuria inamwagika, basi hujawa tayari kuepuliwa, na zamu yako inapita kwa mwenzio. Mwenzetu wa mwaka juzi aliikosa hivyo, kwa kumfuta mjukuu kamasi.

Aliyekuja kunishikia ni yule mwenzetu wa jikoni tunayemwita Afande. Mwanamke mfupi, mabega mapana, anaamrisha mpaka moshi.

"Kaa hapo," akaniambia, kiti akiwa amekiweka kwenye mlango wa jikoni. "Mikono nione. Shoga, leo ukipumua kwa nguvu nakuandika."

Nikakaa.

Jamani, kukaa ni kazi. Afande alipoosha mchele aliuosha mara mbili, mimi naosha mara tatu. Nikameza mate. Alipofagia aliruka chini ya kabati. Nikatazama dari. Kitambaa cha vyombo akafutia meza! Hapo nilifumba macho kabisa nikawaza mchanga, na yule mama akiniambia ukishiba ulale.

Saa moja ikafika, uji ukawa tayari. Akaumimina kwenye bakuli, akabana daftari kwapani, akaingia chumbani kwa Mzee. Chumba kimepakana na jikoni, mlango hauna komeo, na alipoingia hakuufunga sawasawa. Sikuweza kuona ndani. Kusikia nilisikia kila kitu, mpaka kijiko kikigonga bakuli.

"Haya shemeji, fungua mdomo. Imeandikwa hapa uji hauna madonge, na hauna."

"Shemeji," ikasema sauti ya mwanamume, "sukari umezidisha."

Nilidhani ni redio ya jirani.

"Makubwa!" Afande akasema. Nikasikia bakuli linawekwa chini. "Shemeji, unasema?"

"Nasema na anayesikiliza."

Ilikuwa sauti yake. Imepungua kidogo, inaburuza neno la mwisho, lakini ni ile ile ya jukwaa namba tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili tu baada ya kutoka hospitali. Nilijisikia nakohoa, kumbe ni neno."

"Na mkeo? Mbona kaandika hapa herufi kubwa hivi, hasemi?"

"Yeye sisemi naye."

"Astaghfirullah. Kakukosea nini mtu anayekuosha makalio?"

Mimi mikono iko mapajani, vidole vimeshikana kama nimefungwa kamba.

"Shemeji," Mzee akasema, "aliniombea kifo. Sikioni hapa hapa. Mtu aliyekuombea kifo, asubuhi unamwambia nini? Umeamkaje?"

"Lakini chakula chake unakula."

"Chakula chake kizuri."

Hapa sina budi kuwafungulia jambo nililolificha. Katika sehemu ya pili niliwaandikia kwamba siku ya nane baada ya kumtoa hospitali, beseni lilipomwagika kitandani nikalazimika kubadili shuka kwa mara ya nne, nililia. Mlinitumia salamu nyingi za pole. Sikulia. Niliinama nikamwambia Mzee sikioni, polepole, kila neno na nafasi yake: "Si bora ungekufa tu, tukapumzika wote wawili."

Alikuwa ametazama ukutani, mate yanamtoka. Nilijua hasikii. Au nilijiambia kwamba hasikii, kwa sababu nilitaka kulisema na nilitaka pasiwe na wa kulisikia. Kisha nikatandika shuka safi na nikampigapigia mto. Nimekaa na neno hilo miaka mitatu, hata kwenye sala nalipita pembeni.

Kumbe wawili tulikuwa nalo.

Mtaniuliza, sasa uliinuka? Ukaingia? Ukapiga magoti?

Nilikaa.

Nimeahidi kusema kweli. Ningeinuka, Afande angefungua daftari na zamu ingepita. Miaka minne. Nina sitini na saba. Nilipima kwa haraka, pale pale kitini, mume wangu anasema na kisiwa kinangoja, na miguu yangu haikuinuka. Nilitaka kile kisiwa kuliko nilivyotaka kujua mengine.

Afande akatoka na bakuli tupu. Akanitazama. Nami nikamtazama. Macho yake yalikuwa yananiuliza umesikia, na yangu hayawezi kujificha, nimezaliwa nayo hivyo. Akaenda kuosha bakuli, na safari hii aliliosha mara tatu.

Saa sita akamleta Mzee mezani kwenye kiti chake cha magurudumu. Akamweka mkabala nami, hatua tatu tu. Mzee akanitazama jinsi anavyonitazama siku zote, kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Halafu akainua mkono wa kushoto akagonga meza.

Ko, ko.

Maji.

Afande aligeuka na mwiko mkononi. "Shemeji, usiniletee mchezo. Sema."

Ko, ko.

Alijifanya hamnazo. Mbele yangu, na uso mkavu, baada ya asubuhi kulalamikia sukari. Miaka mitatu nimeamka kwa ko ko. Nimetoka bafuni na povu kwa ko ko. Siku moja niliacha simu ya dada yangu akiwa mgonjwa, nikakimbia, kwa ko ko. Moto ulinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na mikono yangu ikabaki pale pale mapajani.

Afande akampa maji.

Saa nane na robo mlango ukagongwa, akaingia binti yangu wa kwanza. Huyu ndiye aliyenilipia chumba cha kisiwani, na ndiye aliyenisukuma zaidi. Mama nenda. Mama pumzika. Mama umezeeka ukiwa umesimama. Mkononi alikuwa na kofia pana ya jua, ina utepe mwekundu.

"Mama! Ijaribu!"

Nikamtazama tu.

"Mama?"

"Usimsemeshe," Afande akasema. "Leo ni siku ya kushika. Akijibu, safari imekwisha."

Binti akacheka, akanivika kofia mwenyewe. "Ehe! Leo Mama naye kawa kama Baba."

"Baba yako?" Afande akaweka mikono kiunoni. "Baba yako anaongea kuliko mimi."

Binti yangu akaacha kucheka. Akamgeukia baba yake, kisha Afande, kisha akashusha sauti kama watu wanavyofanya mbele ya kiziwi.

"Mama Mdogo, taratibu. Mama anajua?"

Nilikuwa hapo, nimevaa kofia ya jua ndani ya nyumba.

"Kwani wewe ulijua?" Afande akamuuliza.

"Si ananipigia kila Ijumaa, Mama akienda sokoni."

"Kila Ijumaa?"

"Mwaka wa pili sasa. Alinikataza nisiseme. Aliniapisha. Nikaona, nikasema labda Mama akipata kupumzika kidogo, akienda mahali, akirudi wao wawili watakuwa..." Hakumaliza. Alikuwa ameniona machozi.

Yalitoka yenyewe. Sikuyafuta, kwa sababu kufuta ni kugusa. Yalishuka mpaka kwenye kidevu yakadondokea mikono yangu, na mikono haikusogea. Mzee akageuza uso akatazama dirisha.

Basi ndiyo siri ya zile Ijumaa. Ndiyo maana nikirudi sokoni nilikuwa naikuta simu ya mezani ina joto, nikadhani ni jua la dirishani. Nikaihamisha simu ya watu, nikaipeleka karibu na kitanda, kwenye kivuli! Nimemsogezea mwenyewe.

"Mama, sema kitu," binti akaniomba. "Achana na huo utaratibu wenu. Nitusi basi."

Afande akatazama saa. Saa nane na nusu. Akanitazama mimi. Akafanya jambo ambalo sijawahi kuona akifanya jikoni miaka yote hiyo: akavuta kigoda, akakaa kando yangu, naye akaweka mikono mapajani. Tukakaa hivyo. Binti yangu akasimama, akakaa, akasimama. Mzee akitazama dirisha. Wali wa jioni ukaungulia jikoni, tukasikia harufu, na hakuna aliyeinuka.

Ilipotimia saa kumi kamili Afande akasimama, akanyoosha mgongo.

"Saa kumi. Umepita, shoga. Jumamosi ya wiki ijayo unaepuliwa, na mimi ndiye nitakayeanza kushika." Akainama kwenye sikio langu. "Ila mimi maji ya kugongewa simpi mtu. Kwenye zamu yangu akigonga, nitamgongea na mimi."

Akamshika binti yangu mkono. "Wewe njoo unisindikize. Wewe pia una la kujibu."

Wakatoka. Tukabaki wawili.

Nilivua kofia. Nilikisukuma kiti cha Mzee mpaka chumbani, nikamhamishia kitandani, nikaanza na bega kama siku zote. Mto wenye kiraka nikauweka chini ya kisigino. Halafu nikasimama mbele yake, mahali ambapo dirisha halionekani.

"Ulisikia," nikasema.

Akatazama dari.

"Nilisema, sikatai. Na siku ile nilimaanisha. Kesho yake sikumaanisha, na keshokutwa nilimaanisha tena kidogo. Hayo ndiyo yote. Ungeniuliza ningekwambia."

Macho yake yakanipanda, yakashuka.

"Miaka mitatu umenifanya mtumwa wa kugongewa, na binti yangu umemfanya mwongo. Mimi nilikosa kwa neno moja. Wewe umekosa kwa kutosema hata moja. Sasa sema na mimi, au usiseme tena na mtu mwingine yeyote humu ndani."

Mkono wa kushoto ukainuka. Nikauona unakwenda kwenye ukingo wa kitanda. Nikasema moyoni, akigonga, naondoka leo hii na nguo nilizovaa, na kisiwani nitafika kwa miguu.

Mkono ukakaa hewani. Ukarudi chini.

Nilikuwa nimeshageuka kuchukua beseni niliposikia nyuma yangu, kwa sauti ile ya jukwaani, taratibu:

"Hiyo nyumba ya kisiwani, ina ngazi?"

Nisomeni vizuri hapa. Neno la kwanza katika miaka mitatu. Halikuwa nisamehe. Halikuwa hata jina langu. Nilielewa papo hapo anachouliza. Anataka kuja! Siku saba nilizozikalia kitini mpaka makalio yakafa ganzi, siku saba za kula na kulala, anataka tugawane. Nani atamgeuza huko? Nani atampa uji? Mwenye nyumba?

Nyumba ile haina ngazi. Mwenyewe aliniambia akicheka kwamba mchanga unajiingilia mpaka chini ya vitanda, kizingiti hakuna.

"Ina ngazi kumi na mbili," nikasema. "Nyembamba. Na hazina pa kushika."

Akafikiri. Midomo ikachezacheza, kama zamani alipokuwa anapitia orodha ya treni kabla ya kuwasha kipaza sauti.

"Kumi na mbili," akasema. "Daktari alisema hatua kumi kwa siku. Zimezidi mbili tu. Tuna siku tisa." Akaukamata ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, akaanza kujivuta mwenyewe, jasho likimtoka. "Nipe viatu."

Viatu vilikuwa juu ya kabati tangu mwaka ule, vimejaa vumbi, kamba zimekakamaa. Nikanyoosha mkono kuvishusha, huku moyoni naomba visimwingie.